Manowari sakafuni: anza na makaa, mizinga itafuata

Swali: Shikamoo mjomba. Mimi ni karani bandarini hapa Mtwara. Tangu nione video za watu wakicheza vita vya majini kwa ramani na vipande vya kadi, roho haijatulia. Nilitafuta bei ya boksi moja la ng'ambo. Ukijumlisha usafiri na ushuru, kwa mshahara wangu haiwezekani. Nikachora mchezo wangu mwenyewe, manowari ishirini kwa ishirini, nikaita jamaa zangu wawili. Ikawa kurusha dadu tu mpaka usiku wa manane, mmoja akalala palepale. Kibaya zaidi, baba mkwe alipita akaona dadu, akasema sebule nimeigeuza nyumba ya kamari. Nianzie wapi? Na mchezo huu unawezekana bila dadu?

Jibu: Marahaba, mpwa wangu. Boksi la ng'ambo liache kwanza. Hata ungepewa bure, usiku ule ungeisha vilevile. Kilichomlaza jamaa yako ni mpangilio: manowari arobaini mezani, kila mtu anaona kila kitu, kazi iliyobaki ni kurusha. Baharini hakuko hivyo. Bahari ni pana, meli ni chache, na sehemu kubwa ya vita ni mtu kumsaka mwenzake huku makaa ya kuendeshea meli yakimwishia. Mchezo ukilibeba hilo, watu hukesha kwa hiari yao. Usipolibeba, hata ramani iwe na rangi kumi, hiyo ni bahati nasibu ndefu.

Nianze na la baba mkwe, maana hilo lina haraka. Mimi si wa kutoa fatwa. Wapo masheikh wanaoikataa dadu hata pasipo dau la fedha, na kwenye mwambao wetu huu si jambo la kupuuza. Muulize sheikh wa msikitini kwenu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mchezo wa manowari unaweza kusimama bila dadu, na umesimama hivyo tangu zamani. Mwingereza Fred T. Jane alichapisha mchezo wake mwaka 1898, mwaka uleule alioanza kutoa kitabu chake maarufu cha manowari za dunia. Katika mchezo wake, mpiga mizinga alipewa kibao chenye pini na picha ya meli ya adui. Anagonga picha, na pale tundu lilipotokea ndipo kombora lilipoingia. Miaka ya 1930 Mmarekani Fletcher Pratt akaja na njia nyingine, nami naipenda zaidi: meli ndogo zinapangwa sakafuni, na mpiga mizinga anakadiria kwa macho umbali wa adui wake. Akikadiria sawasawa, amepiga. Hakuna cha kurusha. Huko tutafika.

Sasa mchezo wenyewe. Watu wengi huanza na vita ya Jutland ya mwaka 1916 kati ya Waingereza na Wajerumani, manowari kama 250 kwa pamoja, kwa kuwa ndiyo vita iliyoandikwa sana. Usiwafuate. Wewe mchezo wako uko mlangoni pako, na kwa kweli nashangaa ulikwenda kuutafuta mbali.

Tarehe 31 Julai 1914, siku chache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, yenye mizinga 10 ya milimita 105, ilitoka Dar es Salaam ikachanja mbuga na kuwaacha Waingereza waliokuwa wakiifuata. Wao walikuwa na Astraea, Hyacinth na Pegasus, zote kongwe, na kwa mbio hazikuiweza. Tarehe 6 Agosti ikaikamata meli ya mizigo City of Winchester upande wa Arabuni na kuchukua makaa yake. Kisha ikapotea. Kumbe imeingia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Alfajiri ya 20 Septemba ikaibuka Unguja, ikaikuta Pegasus imetia nanga inatengenezwa mitambo, ikaizamisha kwa mizinga iliyofika mbali kuliko ya Pegasus. Baada ya hapo mtambo wake wenyewe ukaharibika, ikarudi Rufiji, na vipuri vikakokotwa nchi kavu na watu mpaka Dar es Salaam kwenda kutengenezwa.

Hapa ndipo Lindi inapoingia. Waingereza walileta manowari tatu zenye mbio, Chatham, Dartmouth na Weymouth. Tarehe 19 Oktoba mabaharia wa Chatham walipanda Präsident, meli ya Kijerumani iliyojificha ndani ya hori la Lukuledi, hapa hapa kwetu Lindi, ikijidai ni meli ya hospitali. Ndani wakakuta karatasi zinazoonyesha makaa yamepelekwa kwa matishali hadi Salale. Salale iko Rufiji. Tarehe 30 Oktoba Waingereza wakaiona Königsberg ndani ya delta. Wewe karani utanielewa kuliko wengi: hati ya shehena ndiyo iliyoichongea manowari ile, kabla ya mzinga wowote kulia.

Basi mchezo wako wa kwanza uwe wa kutafutana, na dadu haihitajiki hata kidogo. Chora mwambao kuanzia Mombasa hadi mdomo wa Ruvuma kwenye karatasi ya manila, uugawe maeneo: Mombasa, Tanga, Unguja, Dar es Salaam, Mafia na Rufiji, Kilwa, Lindi na Sudi, Mtwara na Ruvuma. Nje yake weka safu ya maeneo ya bahari kuu. Mwingereza anaweka meli zake wazi mezani. Mjerumani hana kipande mezani. Anaandika kwenye daftari lake yuko wapi kila zamu, na mwamuzi peke yake ndiye anayeliona. Ndiyo, unahitaji mwamuzi. Mchezo wa majini usio na mwamuzi unawezekana, lakini kwa mwanzo mtu wa tatu ni mali. Kazi hiyo mpe mtu mzima mwenye kauli, asiyependa kupendelea. Ningekuwa wewe ningemwomba baba mkwe mwenyewe, kwa adabu, nikimweleza kwamba hapa hakuna dau wala dadu. Mzee akishakabidhiwa daftari la siri, ataanza kuuliza mchezo ni lini tena.

Zamu moja iwe siku nne. Hilo si la kubahatisha, lina sababu yake, nitaieleza. Königsberg ianze na makaa 10. Ikisogea eneo moja inakula 1. Ikikimbia maeneo mawili kwa zamu moja inakula 3, maana mwendo wa kasi hula makaa vibaya mno. Ikitulia haili kitu. Kabla ya mchezo kuanza, Mjerumani anaandika sehemu tatu alikoficha makaa, kila moja yenye 4, na meli moja ya kumsaidia iliyojificha kwenye hori lolote. Mwingereza kila zamu, kwa kila meli, anachagua: asogee, au atulie na kupekua eneo alilopo. Akipekua penye Königsberg, imeonekana. Akipekua penye ile meli ya msaada, mwamuzi anamnong'oneza sehemu moja kati ya zile tatu za makaa. Hiyo ndiyo Präsident yako. Utaona jinsi Mwingereza anavyobadilika baada ya hapo: alikuwa anazunguka bahari kuu akipoteza siku, ghafla anaanza kupekua mahori moja baada ya jingine. Na Mjerumani aliyekuwa ametulia Rufiji akijiona mjanja anaanza kuhesabu makaa kwa vidole.

Sasa zile siku nne. Kutoka bamvua, yaani maji makubwa, hadi bamvua ni kama siku kumi na tano, kwa hiyo zamu nne zinakupa mzunguko mzima: bamvua, katikati, maji mafu, katikati. Weka kanuni kwamba Königsberg inaingia na kutoka Rufiji kwenye zamu ya bamvua tu. Kihistoria kanuni hii ni kali kidogo, sikatai, lakini inaubana mchezo vizuri na haiko mbali na hali halisi. Rudisha hesabu ya mwezi nyuma: 20 Septemba 1914, Königsberg ilipoipiga Pegasus, mwezi ulikuwa ndiyo kwanza unaandama. Na 11 Julai 1915, siku Königsberg ilipoangamizwa, ilikuwa mwisho wa mwezi, siku moja kabla ya kuandama mwingine. Zote mbili ni siku za maji makubwa. Nyie mnaokaa na ratiba ya maji kila siku mnaliona hili mapema kuliko mchezaji wa Ulaya.

Mchezo huo wa ramani utawachukua jioni moja, na mara nyingi hautapigwa mzinga. Wenzako wakilalamika kwamba hawajaona vita, ndipo mshuke sakafuni.

Meli za sakafuni kata kwenye boksi gumu. Urefu wa sentimita 10 unatosha, upana sentimita 2. Sogeza makochi. Mchezaji anaandika kwenye kikaratasi: napiga meli ile, umbali sentimita kadhaa. Hakuna kupima kabla, hakuna kuhesabu vigae (wajanja watahesabu vigae, tandika mkeka au shuka). Wote wakishaandika, mwamuzi anachukua tepu ya fundi ujenzi na kupima kutoka mdomo wa mzinga kuelekea shabaha. Nukta ikiangukia kwenye meli ya boksi, pigo. Kila meli ina mapigo yake. Kila ikipoteza robo, inapunguza mwendo na inanyamazisha mzinga mmoja. Mapigo yakiisha, imezama.

Chukua mfano. Wewe ni Severn, meli ya Waingereza, adui yuko kule karibu na mlango. Unaandika 214. Mwamuzi anapima, nukta inaanguka sentimita 9 nyuma ya meli. Akikuambia hivyo, zamu ijayo unaandika 205 na una nafasi nzuri. Lakini je, akuambie? Hapo ndipo pana utamu wenyewe. Severn na Mersey zilikuwa meli za mtoni, zilizojengwa kwa ajili ya Brazil, zenye kina kifupi cha kuziwezesha kupanda mto. Waingereza walizileta kwa sababu manowari zao kubwa hazikuweza kuingia. Mikoko ilikuwa inawaziba, hawakuiona shabaha kwa macho. Ndege zilizorushwa kutoka Mafia ndizo zilizokuwa zikiwaambia kombora limeangukia wapi. Tarehe 6 Julai 1915 meli zote mbili zilipiga kwa pamoja, aliyeko angani akashindwa kujua kombora lipi ni la nani, Mersey ikapigwa, wakarudi nyuma. Tarehe 11 wakabadili: Severn ikatulia na kupiga peke yake huku ndege ikisahihisha, na Königsberg ikaisha. Nahodha wake, Max Looff, akaamuru wailipue wenyewe.

Hilo lote linaingia kwenye kanuni mbili. Kwanza, tundika shuka katikati ya sebule. Anayepiga mtoni hamuoni adui. Pili, mwenye ndege huambiwa na mwamuzi kila nukta imepita au imepungua kwa kiasi gani, lakini meli mbili zikipiga zamu moja, mwamuzi anataja masafa yote bila kusema lipi ni la nani. Waache wachezaji wagundue wenyewe kwamba kupiga mizinga michache kunaua haraka. Kuna wanaofika hapo kwa zamu tatu. Kuna wanaobisha usiku kucha.

Shuka si mzaha wa kimaskini, usiione haya. Liverpool, mwaka 1942, Waingereza walipokuwa wakimalizwa na nyambizi za Wajerumani katika Atlantiki, nahodha Gilbert Roberts na wasichana wa jeshi la wanamaji walichora bahari kwenye sakafu ya chumba kimoja na kuwaweka maofisa nyuma ya pazia lenye tundu, waone kile tu ambacho wangekiona wakiwa melini. Mbinu za kulinda misafara zilizotoka kwenye sakafu ile zilitumika baharini kweli. Wengi wa wasichana wale hawakuwa wamewahi kwenda vitani, na maofisa wenye nishani waliwajia wakafundishwa. Kwa hiyo mkeo au dada yako akikaa pembeni akitazama, mkaribishe aingie.

Kama sheikh wenu hana neno na mambo ya kubahatisha, au mkiamua kuokota namba kutoka mfukoni, basi mlango wa michezo ya kununua unafunguka zaidi. Watu huanza na War at Sea, ya miaka ya 1970: Atlantiki yote imegawanywa maeneo machache, zamu nane tu, na kila meli inarusha kadiri ya nguvu yake, 6 ni pigo, 5 inamrudisha adui bandarini. Unaifundisha kwa robo saa. Vipande sita vya karatasi vyenye namba ndani ya kofia, ukirudisha kila ulichookota, vinakupa uwezekano uleule. Kuhusu fedha: kuna programu iitwayo VASSAL, ya bure, inayoweka ramani na vipande kwenye kompyuta na kukukutanisha na mchezaji aliye mbali. Inahitaji kompyuta, simu isahau. Boksi nunua siku utakapojua unataka kipindi gani cha historia, si kabla.

Jambo moja kuhusu kushiriki kwetu. Ukisoma kanuni za michezo hii utadhani pwani hii ilikuwa tupu, Wajerumani na Waingereza tu. Nani alikokota vile vipuri hadi Dar es Salaam? Mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa mtoni, ikatumika nchi kavu mpaka bara, nani aliivuta? Mwezi Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ilipenya na kuingia ghuba ya Sudi, hapo kati yetu sisi na Mikindani, ikiwa na mizinga na risasi. Shehena yote ilibebwa vichwani na wapagazi. Mwezi uliofuata Waingereza waliishambulia kwa mizinga, ikaponyoka hata hivyo. Mimi katika mchezo wa Sudi wapagazi ni kitu cha kuhesabiwa. Mjerumani ana shehena 12 melini, kila zamu anaondosha nyingi kadiri ya wapagazi alionao, na kila kundi alilochukua kijijini linapunguza chakula chake mbele ya safari. Mwingereza akitokea mdomo wa ghuba kabla shehena haijaisha, ni juu ya Mjerumani kuamua: akimbie na iliyobaki, au akae apigwe. Huu uweke wa pili, mkishazoea. Mnaweza kwenda Sudi siku ya mapumziko mkaitazame ile ghuba ilivyojikunja. Ukiiona tu utajua kwa nini nahodha aliichagua. Fanyeni kabla msimu wa korosho haujawabana bandarini.

Nimalizie na tatizo litakalokukuta kwa hakika kwenye mchezo wa kwanza. Mjerumani ataingia Rufiji na kukaa. Haendi popote, makaa hayaishi, Mwingereza hawezi kuingia, mchezo umeganda, mwenzako atasema kanuni zako mbovu. Usiibadili kanuni. Ipe pointi. Kila zamu ambayo Königsberg ipo hai, Mjerumani anapata pointi 1 kwa kila manowari ya Mwingereza iliyo Mafia na Rufiji ikimlinda. Akizamisha meli, pointi 5. Mwingereza anapata pointi 1 kwa kila meli aliyonayo eneo jingine lolote, na 15 akiimaliza Königsberg. Kihistoria ndivyo ilivyokuwa: manowari moja bovu ndani ya matope iliwazuilia Waingereza meli zao kwa zaidi ya miezi minane. Mwingereza akitaka kuivunja kamba hiyo, anaweza kuagiza Severn na Mersey, lakini zinafika zamu kumi baada ya kuagizwa, na katika zamu zote hizo hana budi kuacha angalau manowari mbili mdomoni mwa Rufiji. Akiacha moja, na bamvua ikafika, Mjerumani yuko nje.